Kadi Haifi

Letisia alijifunza kuitikia jina la mfu akiwa na miaka tisa. Ilikuwa kambini, upande wa Kasulu huko Tanzania, mahali ambapo wazazi wake Warundi walikimbilia na yeye akakulia. Bibi yake alizikwa Jumatatu. Jumatano ilikuwa siku ya posho, na kadi ya bibi ilikuwa na matundu manne yaliyobaki kutobolewa. Mama yake akamsukuma mbele ya foleni. Karani aliposoma jina, mtoto akajibu, "Yupo, anaumwa miguu, kanituma mimi," karani akatoboa, unga ukapimwa, wakarudi nyumbani wakapika. Hakuna aliyeona haya. Watu wa kambi walikuwa na msemo wao: mtu hufa, kadi haifi. Aliyerudisha kadi ya marehemu ofisini alionekana mjinga wa kutupwa, maana posho ikishakatwa hairudi, hata ulie machozi ya damu.

Hilo tulishike, maana ndilo lililomtafuna Letisia baadaye, alipokuwa mtu mzima mwenye kazi na heshima yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kulinda pampu ya mazutu, yaani dizeli, katika yadi ya kampuni moja ya malori mjini Gitega, si mbali na mtaa wa Yoba anakoishi. Pampu hiyo haiuzii watu wa barabarani; hunywesha malori ya kampuni tu. Miaka ya mwanzo, baada ya kurudi Burundi, Letisia alikuwa na daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi na ufito mrefu wa kupimia tangi. Halafu mafundi wakaja kutoka Bujumbura na kufunga mtambo. Kila lori likavishwa pete kwenye mdomo wa tangi lake, na bomba lisipoitambua pete halitoi hata tone. Kila dereva akapewa kadi yenye jina lake. Asipoigusisha kwenye kisanduku, pampu inamtazama tu. Na kila lita iliyotoka, iwe hapo Gitega au katika yadi ya pili ya kampuni kule Muyinga, ilijiandika papo hapo kwenye kioo cha kompyuta mezani kwa Letisia: jina, mahali, saa, lita. Madereva wakauita mtambo ule Karani, kwa kuwa hausinzii, hauombi soda na haupokei udhuru.

Mafuta yenyewe yalikuwa adimu. Mjini watu walilala kwenye foleni za magari siku tatu, nne, wakiosha uso kwa maji ya chupa. Kwa hiyo wakubwa wa kampuni wakagawa mazutu kwa kadi, kila kadi na fungu lake. Kadi isiyokunywa kwa siku thelathini ilijifunga yenyewe, na lita zake zikakatwa katika fungu la yadi. Na kupata kadi mpya? Fomu, picha mbili, saini ya makao makuu, halafu usubiri mpaka uote mvi. Letisia alipoelezwa sheria hizo alicheka peke yake. Alizijua tangu utotoni. Ilikuwa posho ileile, safari hii imevaa suti.

Jirani yake huko Yoba alikuwa mwanamke aitwaye Klara, mama wa mtoto mmoja wa kike, Happy. Mume wa Klara, Josephat, alikuwa dereva wa kampuni hiyohiyo: mtu mpole, mkubwa wa mwili, ambaye kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha tangu mlango wa nyuma wa lori ulipomfungia. Mwezi wa kwanza Josephat akahamishiwa yadi ya Muyinga. Madereva wa kule walilipwa mkononi, safari kwa safari, hukohuko. Akawa anampigia mkewe kila Jumapili. Mwisho wa mwezi wa pili simu ikakatika, na tangu hapo ikawa ni yule dada wa kwenye mtandao tu, anayesema namba haipatikani.

Klara aliuza maparachichi sokoni, na njia yake ilipita kwenye uzio wa yadi. Saa moja asubuhi, kapu kichwani, alisimama.

"Shikamoo, dada Leti."

"Marahaba, mama Happy. Mmeamkaje?"

"Salama. Amekunywa?"

Ndivyo madereva wasemavyo: lori likijazwa, dereva amekunywa. Letisia aliinama kwenye kioo, akatafuta, akarudi dirishani. "Amekunywa jana. Muyinga, saa moja na robo asubuhi, lita arobaini."

"Haya."

Siku za mwanzo ile "haya" ilikuwa ya shukrani. Baadaye ikaingia uchungu. Mwanamume anayekunywa mazutu kila wiki, mzima wa afya, na hapigi simu nyumbani, watu wa Yoba hawakuhitaji mganga kulifumbua fumbo lake. Wanawake kisimani waliulizana kwa sauti ya kusikika ni baridi gani hiyo ya Muyinga inayoganda vidole mtu asibonyeze simu. Klara alirudi na ndoo yake. Lakini kesho yake alisimama tena kwenye uzio. "Amekunywa?" Na Letisia akamsomea; hata mwezi wa tatu, mafuta yalipokosekana Muyinga wiki tatu na kioo kikawa kitupu, jina lilirudi pamoja na mafuta. Aliona anatenda wema. Mume mkorofi aliye hai, alijiambia, ni bora kuliko mume mwema aliye kaburini. Alikuwa na hakika hiyo kwa sababu alikuwa akiiona kwa macho yake kwenye kioo, na macho hayana pazia.

Mwezi wa nne, wiki ya baada ya Pasaka, simu ya mezani ya yadi ikalia mchana. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Tanzania kabisa, ikisikika kwa mbali na kwa mikwaruzo.

"Samahani mama, napiga kutoka zahanati ya masista, huku Kabanga, ng'ambo ya mpaka. Kuna mgonjwa tumeletewa na wasamaria. Ameumia kichwa, hawezi kuzungumza. Mfukoni ana risiti ya mafuta, ina namba hii ya simu na jina Josephat. Je, mnaye mtu huyo?"

Letisia akatazama kioo. Hakuwa mzembe, alitazama mara mbili.

"Josephat tunaye, sista. Lakini amekunywa leo hii saa moja asubuhi, Muyinga. Yuko kazini."

"Mna hakika? Maana tunatafuta ndugu, tumpeleke hospitali kubwa."

"Mtambo unamwonyesha hapa, mbele yangu. Hiyo risiti labda mtu wenu aliiokota tu. Madereva wanazitupa ovyo."

"Labda aliiokota," ilisema ile sauti kwa kuchoka. "Basi asante, mama. Mungu akubariki."

Kesho yake Letisia alimsimulia Klara habari hiyo kwenye uzio, kama kichekesho. Siku hizi matapeli wengi, kila wiki mtu anapigiwa simu kwamba nduguye kaumia, atume chochote. "Risiti mtu anaweza kuiokota," alisema Letisia. Klara akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Mtu wangu angeumia angenikumbuka. Huyo anayekunywa ni mzima." Wakaachana hivyo.

Mwezi wa sita patroni wa yadi, bosi wake bwana Moïse, akamwita Letisia ofisini. Mashine ya kuchapa risiti ya Muyinga ilikuwa imebadilishwa, na mlinzi wa pampu ya kule, mzee Zakaria, hakuielewa. "We unajuaka hizi vitu," Moïse alisema. "Enda siku tatu, umufundishe yule muzee, urudi."

Klara aliposikia alikuja nyumbani kwa Letisia jioni ileile na koti la Jumapili la mumewe, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya kanga kuukuu.

"Mpe. Mwambie Klara hana neno. Asiseme nimemfichia nguo zake. Kama ana nyumba nyingine, avalie huko."

"Mama Happy, hasira hasara."

"Sina hasira, dada. Mpe tu koti lake. Halafu unitazamie kama amekonda."

Letisia alipanda lori la asubuhi, koti mapajani. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia Josephat, makali kwanza, laini baadaye. Alikusudia kumrudisha Gitega kwa masikio ikibidi.

Yadi ya Muyinga ni ndogo: pampu moja, kibanda, ukuta wa matofali. Zakaria alikuwa mzee mwembamba mwenye baraghashia, naye aliwahi kuishi kambini kwa akina Letisia, na walipoonana walishikana mikono muda mrefu kama watu wa shule moja. Walikuwa hawajamaliza salamu lori namba kumi na saba likaingia, lori la Josephat, na Letisia akasimama na koti lake, akajitengeneza uso wa ukali.

Akashuka kijana mfupi, mchangamfu, ambaye Letisia hakuwahi kumwona. Akaenda kwenye kisanduku, akagusisha kadi. Kwenye kioo cha kibanda likaandikika jina: JOSEPHAT. Mazutu yakaanza kutiririka.

"Huyu ni nani?" Letisia aliuliza.

"Cyprien," alisema Zakaria. "Mkongomani, wa Uvira. Kijana mzuri."

"Mi nilikuta kadi iko hapa, mama," yule kijana alisema akitabasamu. "Ya kwangu bado banatengeneza Bujumbura. Muzee akasema nitumie hii."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Tabasamu la Cyprien likaisha. Zakaria akaivua baraghashia yake, akaishika mkononi.

Alieleza polepole. Mwezi wa tatu mafuta yalikatika Muyinga siku ishirini na mbili. Malori yakalala, safari hakuna, kwa hiyo na kula hakuna. Josephat alikuwa ameshauza simu yake. Akasema anavuka mpaka wiki mbili, kuna mtu anamjua upande wa Ngara, atamwendeshea gari apate kitu cha kupeleka nyumbani. Risiti yake ya mwisho ya mafuta akaiweka mfukoni, kwa ajili ya namba ya simu ya yadi ya Gitega iliyochapwa chini yake. Kadi akamwachia mzee. Alisema, mzee Zaka, niwekee kadi yangu hai, nisirudi nikaikuta imefungwa.

"Nikaiweka hai," alisema Zakaria. "Nikampa Cyprien alipokuja. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Nikajua amepata kazi nzuri. Na nyinyi Gitega mlikuwa kimya, nikasema basi keshawapigia."

"Sisi tulikuwa kimya kwa sababu anakunywa! Kila siku namsomea mkewe jina lake!"

"Letisia." Mzee alimtazama kwa macho mekundu. "Mwenzako wa kazi anakuachia kadi, anakuomba uiweke hai. Wewe ungeifunga?"

Letisia alitaka kumtukana. Alitafuta tusi, hata dogo, hakulipata. Asingeifunga. Angeigusisha kwenye kisanduku kila wiki kwa mkono wake mwenyewe na kujiona mtu mwema, kama alivyojiona siku ile na kikapu cha unga wa bibi kichwani.

Halafu akaikumbuka simu ya masista, akakaa kwenye ngazi ya lori.

Asubuhi alipanda pikipiki hadi Kobero, akavuka mpaka, akauliza njia. Zahanati ya masista ilikuwa na ua wa maua mekundu na foleni ya akina mama wenye watoto wachanga. Sista aliyempokea aliitwa Lucia. Letisia aliitambua sauti kabla hajaketi.

Alisema amekuja kwa ajili ya mgonjwa wa mwezi wa nne, aliyeumia kichwa. Sista Lucia akatoa daftari kubwa, akafungua, akalizungusha ili mgeni asome. Mstari ulikuwa hivi: mwanamume, miaka kama arobaini, amegongwa na pikipiki. Kwenye nafasi ya jina palikuwa pameandikwa *Josephat*, kwa wino wa bluu, kisha pakakatwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, *hajulikani*. Mwishoni tarehe ya kifo. Ilikuwa siku tatu baada ya ile simu.

"Tulilikata baada ya kuambiwa si yeye," sista alisema. "Kule hospitali kubwa hawampasui mtu kichwa bila ndugu wa kusaini, na sisi tungemsafirisha na nani? Tukaendelea kutafuta kijijini. Hatukubahatika."

"Kidole," alisema Letisia. "Mkono wa kushoto."

"Hiki hapa." Sista aligusa kidole chake cha shahada. "Kilikuwa hakina ncha. Ulimfahamu?"

"Mimi ndiye niliyesema aliiokota."

Sista Lucia alinyanyuka, akafungua kabati, akarudi na bahasha. Ndani ilikuwa risiti, imekunjwa mara nne, maandishi yameanza kufifia kama zinavyofifia risiti zote za mashine zile. Kisha akampeleka nyuma ya kanisa, kwenye tuta lenye msalaba wa mbao usio na jina. Letisia alipiga magoti akalia kwa sauti, bila kujali watoto waliosimama kumtazama. Alimwomba radhi Josephat. Alijua hilo halimfai kitu sasa.

Akiwa bado mpakani alimpigia patroni.

"Attends, Letisia, ngoja, pole pole," alisema Moïse. "Mi naangalia hapa. Josephat amekunywa jana, Muyinga. Mashini haisemake bongo, haina uongo."

"Patroni, jana nilikuwepo. Aliyekunywa ni mtu mwingine na kadi yake."

"Bon. Kama ni vile, mwenye kadi aje asaini karatasi ya kulalamika."

"Mwenye kadi amekufa."

"Basi ulete cheti cha kifo. Kwenye cheti iko jina gani?"

Letisia akatazama upepo ukipeperusha vumbi la malori yanayosubiri kuvuka. "Hajulikani," alisema.

"Voilà. Asiyejulikana hana kadi kwetu. Na umuambie Zakaria, kadi ikisimama, Muyinga wanapoteza fungu. Kuko familia kumi na mbili zinakula pale. Donc, fikiria vizuri kabla hujaleta maneno."

Simu ikakatika, au aliikata. Letisia alibaki ameishika sikioni, akiwa hana nguvu hata ya kukasirika. Alikuwa amemwona maiti kwa daftari, kwa kidole na kwa kaburi, na bado hakuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amekufa.

Alirudi Gitega siku ya tatu usiku, hakulala. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kibandani, koti mezani ndani ya kanga yake, risiti juu yake. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno mpaka yamekuwa hayana maana. Saa moja, kapu likatokea juu ya uzio.

"Shikamoo, dada Leti. Umerudi!" Kisha Klara akaiona kanga. Akaijua. "Hata koti amelikataa?"

"Tua kapu, mama Happy. Ingia ndani."

Hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuingia mle. Kibao kiko mlangoni. Letisia alifungua lango, akampa Klara kiti chake mwenyewe, yeye akabaki wima. Akamwambia yote. Alimwambia kuhusu siku ishirini na mbili bila mafuta, kadi aliyoachiwa Zakaria, Cyprien, pikipiki, daftari, kidole. Alimwambia na lake yeye, lile la simu, hakulipunguza. Klara alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Rangi ilimtoka usoni alipokisikia kidole. Midomo ilianza kutetemeka, na Letisia akainama amshike, maana alijua kilio kinakuja na alitaka kije, kwani aliyelilia mtu wake angalau ameanza kumzika.

Akaikunjua risiti, akaiweka mbele yake. "Hii ndiyo aliyokuwa nayo."

Klara aliitazama ile karatasi iliyofifia. Akanyoosha mkono kuichukua.

Ndipo Karani akalia, ule mlio wake mfupi wa kila asubuhi, na mstari mpya ukajiandika juu ya kioo, herufi nyeupe, safi.

JOSEPHAT. MUYINGA. 07:14. LITA 40.

Letisia alirukia kompyuta kuizima, mikono ikagonga meza, hakukipata kitufe. Klara alikuwa ameshasogea. Muda wote huo wa kusomewa dirishani, hakuwahi kukiona kioo chenyewe. Akaweka kidole juu yake, akalisoma jina la mumewe herufi kwa herufi, kisha mahali, kisha saa. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na robo.

"Si huyu hapa?" alisema. "Dada Leti, si huyu anakunywa sasa hivi?"

"Mama Happy, ni Cyprien huyo, nimekwambia..."

"Imeandikwa Cyprien?"

"Haikuandikwa."

Pumzi ilimrudi Klara, na rangi ikamrudi. Aliisukuma risiti kwa ncha ya ukucha mpaka ukingoni mwa meza, taratibu, bila chuki.

"Karatasi mtu anaweza kuiokota. Wewe mwenyewe ulisema." Akanyanyuka, akalichukua koti, akalikung'uta vumbi la njia ya Muyinga na kulikunja upya. "Amekukataza kusema, najua. Huyo mwanamke wake amekukataza. Sina neno nawe, dada. Nitamtunzia mpaka achoke huko."

Alijitwisha kapu, akaweka koti juu ya maparachichi. Letisia alimfuata hadi langoni, akamwita kwa jina lake, si la mtoto wake, akamwita mara ya pili. Klara aligeuka na kumpungia mkono.

"Nitapita kesho," alisema, "unisomee."